Muulize Fundi wa Vitasa: Funguo Ngapi Ziko Nje?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwenye majumba ya zamani ya kisiwani Mombasa. Nimechagua tano. Kwa wasionijua, meza yangu iko nyuma ya Marikiti: jiliwa moja, mashine ya kuchonga funguo, na ubao wa funguo tupu ukutani. Kazi hii nilifundishwa na ami yangu. Kabla hajanipa tupa mkononi, alinifundisha swali la kumuuliza kila anayekuja na ufunguo: "Huu ni wa mlango wako?"

*Assalaam alaikum fundi. Nimehamia nyumba ya orofa ya tatu Ganjoni, jengo la zamani la ngazi za mawe. Ajenti alinikabidhi funguo mbili. Juma lililopita nilirudi kazini nikamkuta kijana ameketi sebuleni kwangu. Akasema yeye ni mpwa wa mpangaji aliyehama, amekuja kuchukua feni iliyosahauliwa, na ufunguo alikuwa nao siku zote. Aliomba radhi, akanipa ule ufunguo, akaenda zake. Tangu siku hiyo nalala nimeegemeza kiti mlangoni. Msimamizi wa jengo ataka kitasa kivunjwe kiwekwe kipya cha dukani. Kilichopo ni kizito, cha shaba, na chafanya kazi vizuri. Nifanyeje?*
*Mama wa watoto wawili, Ganjoni*

Wa alaikum salaam, dada yangu. Pole kwa mshtuko. Kijana huyo huenda ni mtu mwema, na nimefurahi alikurudishia ufunguo. Lakini ufunguo uliorudishwa haukwambii umezaa mara ngapi. Kuchonga mwingine hapa mezani hakumalizi hata kikombe cha kahawa tungu.

Hebu tuhesabu pamoja. Jengo lako ni la zamani, na mlango huo umepitiwa na wapangaji wangapi? Kila mmoja alipewa funguo mbili. Akamchongea mke wake, akamchongea mtoto anayetoka skuli saa saba, akamwachia dada wa kazi, akamwazima fundi wa rangi siku tatu. Alipohama alirudisha mbili zilezile alizopewa, na ajenti akaridhika kwa kuwa hesabu ilitimia. Zile nyingine ziko kwenye madroo, kwenye mikoba, na kwenye vishada vya funguo ambavyo wenyewe hawakumbuki vyafungua nini. Nimeona hata ufunguo ulioandikwa kwa karatasi na gundi jina la jengo na nambari ya mlango. Huo ukianguka matatuni, aliyeuokota hahitaji kuuliza njia.

Kwa hiyo ni kweli, usilale na mpangilio huo. Lakini usivunje kitasa. Kinachobadilishwa ni funguo, kitasa kinabaki palepale.

Nikueleze kilichomo ndani, ili fundi atakayekuja asikubabaishe. Ukiona ufunguo wako ni mfupi, bapa, wenye meno upande mmoja, basi kitasa chako ni cha silinda ya pini. Wazo lenyewe ni la kale sana, Wamisri walikuwa na makomeo ya mti yenye vijiti vinavyoanguka na kuzuia. Mfano tunaoutumia leo ni wa Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyeusajili mwaka 1861 na tena 1865. Kuna silinda mbili, moja ndani ya nyingine. Ami yangu akiziita mama na mwana. Mama ametulia mlangoni, mwana ndiye anayezunguka. Juu yao kuna matundu yaliyopangana, aghalabu matano, na kila tundu lina pini mbili na springi moja inayozisukuma chini. Bila ufunguo, pini zinakaa nusu kwa mama na nusu kwa mwana, kwa hiyo mwana hazunguki. Ufunguo wake ukiingia, kila jino linainua pini yake kiasi chake hasa, mpaka mahali pini ya juu na ya chini zinapokutana pawe sawasawa na mpaka wa mama na mwana. Hapo njia inafunguka.

Basi kubadilisha funguo ni kutoa pini za chini na kuweka nyingine za urefu tofauti, zinazolingana na ufunguo mpya. Juzi nilifanya kitasa kama chako cha mlango wa Makadara. Nilikifungua kwa skrubu mbili za nyuma, nikaketi nacho juu ya kitambaa cheupe. Nikatia ufunguo wa zamani, nikauzungusha kidogo, nikamsukuma mwana atoke mbele huku nyuma yake nikimfuatiza kijiti cha mviringo cha mti wa mpera nilichokichonga mwenyewe, unene uleule wa mwana. Kijiti hicho kina kazi kubwa. Bila hicho springi zote tano zinaruka pamoja na pini za juu, nazo ni nyembamba kama nyuzi. Nikainamisha mwana, pini tano za chini zikaanguka kwenye kitambaa. Ukizitazama ni punje za shaba. Moja na inayofuata yake kwa urefu zinapishana kama nusu milimita, na hiyo nusu milimita ndiyo iliyokuwa ikimzuia kila mtu asiye na ufunguo.

Halafu nikatia ufunguo mpya, nikachagua pini moja baada ya moja na kuziangusha kwenye matundu kwa kibanio. Nikamaliza kwa kupitisha kidole juu ya mwana. Ikiwa zimepangwa sawa, kidole hakisikii kitu, ni laini kama ukucha. Moja ikichomoza au ikizama, waitoa na kutafuta nyingine. Hapo ndipo mafundi tunapotofautiana. Wako wanaopiga tupa juu ya pini iliyochomoza mpaka ilingane, kazi ikaisha haraka. Mimi nimeikataa njia hiyo, kwa sababu tupa huacha makali yanayomkwaruza mama, na baada ya miezi ufunguo unaanza kukwama. Wako pia wanaopunguza pini: kati ya tano wanarudisha mbili au tatu, ufunguo uzunguke kwa urahisi na mteja afurahi. Mteja hajui kwamba sasa mlango wake wafunguliwa na funguo nyingi ambazo si zake. Dada yangu, keti karibu na fundi wako. Hesabu matundu, kisha hesabu pini. Ni haki yako.

Kwa nini nataka ukihifadhi hicho cha zamani? Kwa sababu ya bahari. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na vitasa vingi vya bei nafuu ni zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Rangi ikibanduka, ndani panatoka unga mweupe na kila kitu kinashikana. Shaba huweka kutu yake ya kijani juu juu tu, ikabaki nzima. Ukitaka kujua, kwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana. Shaba ni ya njano mpaka ndani, zinki ni ya kijivu. Kazi ya kupanga pini upya ni rahisi kwa mbali kuliko kununua kitasa kizuri kipya, kuchimba mlango na kuziba mashimo ya zamani.

Mambo mawili kabla hujamwita fundi. Nyumba si yako, kwa hiyo mwandikie ajenti au mwenye nyumba, hata kwa ujumbe wa simu, umweleze yule kijana alivyoingia na kwamba wataka kubadilisha funguo. Mkataba wako ukisema lazima naye awe na ufunguo, mpe ndani ya bahasha iliyogundishwa, utie sahihi yako juu ya mkunjo. Akiufungua utajua. Zile pini za zamani mwombe fundi akutilie katika kifuko kidogo pamoja na ufunguo wake, ukihama urudishe kila kitu kama ulivyokikuta.

La pili, fundi lazima akuulize kama mlango ni wako: mkataba, risiti ya kodi, au jirani wa kukutambulisha. Fundi asiyekuuliza, mwogope. Kesho atamfungulia mtu mwingine mlango wako bila kumuuliza. Na ukipewa funguo mpya, ukiona zimepigwa nambari, usiziache mezani wazi wala usizipige picha. Kwa funguo nyingi nambari ile ni sawa na ufunguo wenyewe. Mwenye kuijua anaweza kuchonga bila kuuona.

Hicho kiti mlangoni kiondoe siku hiyohiyo kazi itakapokwisha. Usiku watoto wanaweza kukikwaa.

*Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tononoka orofa ya pili. Usiku mmoja stima ilikatika. Jirani wa orofa ya kwanza alipanda ngazi gizani akapitiliza, akatia ufunguo wake mlangoni kwangu akidhani ni kwake. Mlango ukafunguka. Tulicheka sote wawili, lakini mimi sikulala. Ufunguo wenyewe ni ule mrefu wa mviringo wenye ulimi mdogo mwishoni. Je, huu nao wabadilishwa pini?*

Shikamoo Mwalimu. Hapana, huu hauna pini. Kitasa chako kimezama ndani ya mbao ya mlango, na ndani yake kuna leva, yaani vibapa vya shaba vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na springi yake. Ufunguo unaviinua vyote kwa kipimo chake, ulimi wa kitasa upate kupita. Robert Barron wa Uingereza ndiye aliyevifanya vizuri mwaka 1778, na mpaka leo mtindo ni uleule.

Vitasa vingi vilivyowekwa kwenye fleti zetu vina leva mbili au tatu tu. Kwa leva tatu na vipimo vichache vya kila moja, funguo zinazotofautiana hazifiki mbali. Kisha mjenzi alinunua katoni moja, akaweka milango yote ya jengo siku moja. Miaka ikapita, leva zikalika, nafasi zikapanuka, na ufunguo uliokuwa karibu kufanana ukawa unafanana. Jirani yako hakukosea sana, Mwalimu. Yeye na wewe huenda mna ufunguo mmoja tangu siku jengo lilipofunguliwa.

Jambo la kwanza, fanyeni hivi jioni moja: kusanyikeni majirani kwenye ngazi, kila mmoja na ufunguo wake wa asili, mtazame nambari iliyopigwa kichwani pake. Nambari zinazofanana ni milango inayofanana. Zilizofutika, jaribuni kwa mkono, kila mlango mwenye nyumba akiwepo. Nilifanya hivi na wapangaji wa jengo moja na tukakuta milango mitatu ya ufunguo mmoja. Hakuna aliyekuwa na habari.

Kurekebisha, kuna njia mbili. Kitasa kikiwa kizito na cha zamani, nakifungua kifuniko, nabadilisha mpangilio wa leva, ile ya juu ikaenda chini, kisha nachonga ufunguo mpya kwa mkono kufuata mpangilio huo. Ni kazi ya tupa na subira, na si kila kitasa kinakubali, kwani kama leva zenyewe zinalingana hakuna cha kupanga. Njia ya pili ndiyo nakushauri kwa mlango wa kuingilia: toa kitasa kizima uweke cha leva tano chenye umbo lilelile, usichimbe mlango tena. Kabla ya kwenda dukani pima kutoka ukingo wa mlango, pale ulimi unapotokea, mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Kwa vitasa vya mtindo wa Kiingereza utapata milimita 44 au 57. Andika nambari hiyo kwenye karatasi. Wengi hurudi dukani mara tatu kwa sababu ya kutopima. Hicho cha leva tatu usikitupe, kitafaa mlango wa chumba cha ndani.

*Salaam. Nasimamia jengo la orofa nne karibu na Mwembe Tayari, nyumba kumi na mbili. Geti la chini lafungwa kwa kufuli, na kila mpangaji akihama nanunua kufuli mpya na kuchonga funguo kumi na mbili. Sasa mwenye jengo ataka pia ufunguo mmoja utakaofungua milango yote, ili mpangaji akisafiri na bomba likipasuka tuweze kuingia. Waonaje?*

Ndugu msimamizi, wewe umeshika roho za watu kumi na mbili na jamaa zao, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Ufunguo mmoja wa milango yote unawezekana kwa silinda za pini. Tunaongeza kijisahani chembamba kati ya pini ya juu na ya chini, mwana akapata mahali pawili pa kuzungukia: pa kwanza pa ufunguo wa mpangaji, pa pili pa ufunguo mkuu. Wasiwasi wangu ni huu. Ukiweka vijisahani katika matundu yote matano, kila tundu lina nafasi mbili. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 32. Kitasa kilichokuwa kikikubali ufunguo mmoja sasa kinakubali mipangilio 32. Na huo ufunguo mkuu ukipotea, si mlango mmoja utakaobadilishwa, ni kumi na mbili, siku hiyohiyo, na gharama ni ya mwenye jengo. Kwenye hoteli wana mtu wa kuutunza usiku na mchana. Wewe unao mfuko wa shati.

Mimi nashauri sanduku dogo la chuma ukutani kwa mwenye jengo, ndani bahasha kumi na mbili zilizogundishwa, kila moja na sahihi ya mpangaji wake, na daftari. Bahasha ikifunguliwa, andikeni siku, saa, sababu, na mashahidi wawili. Bomba likipasuka mtaingia, na mpangaji akirudi ataona kwa macho yake nini kilifanyika. Asiyetaka kuacha ufunguo, heshimu, ila aandike nambari ya jamaa yake aliye hapa mjini.

Geti sasa. Acha kununua kufuli kila mara. Weka kitasa cha silinda ambacho mtu akihama unatoa silinda peke yake, au unapanga pini upya. Silinda za mtindo wa Ulaya, zile zenye umbo la tundu la ufunguo, zimeshikwa na skrubu moja tu ndefu inayopita ukingoni mwa mlango. Ukiifungua na ukazungusha ufunguo kidogo, silinda yatoka nzima. Pima kutoka tundu la skrubu mpaka kila mwisho, kwa mfano 30 kwa 30 au 30 kwa 40, ununue ya kipimo hicho. Isichomoze nje ya bamba zaidi ya milimita tatu, kwani inayochomoza inashikika kwa koleo na kuvunjwa.

Na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi. Chagua silinda ambayo kwa nje yatumia ufunguo na kwa ndani ina kishikio cha kuzungusha kwa vidole. Mtu anayetoka asihitaji ufunguo. Nakuomba hili kwa sababu ya usiku mmoja.

Niliamshwa na kijana akipiga mlango wangu, karibu saa nane. Nyumba ya orofa ya kwanza, si mbali nami, waya ulikuwa umeshika moto nyuma ya kabati. Mlango wa mbao walikuwa wameufungua. Mbele yake kulikuwa na geti la chuma lenye kufuli kwa ndani, na ufunguo uliokuwa ukikaa juu ya friji ulikuwa umeangukia nyuma yake. Mama alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, na mtoto mdogo amemlaza sakafuni kwenye baraza ndogo iliyo kati ya geti na mlango, ambako moshi ulikuwa mwepesi. Baba alikuwa ndani anapapasa nyuma ya friji. Kufuli ile nilikuwa nimewauzia mimi. Ilikuwa nzuri, shingo nene ya chuma kigumu, na msumeno wangu uliteleza juu yake. Nikaiacha kufuli nikakata tumbuu, ile pete ya kutilia kufuli, iliyochomelewa getini, ambayo ilikuwa ya chuma laini. Nikakata upande mmoja, jirani akapiga kwa nyundo, ikafunguka. Alhamdulillahi walitoka wote. Lakini sauti ya yule mama akiniambia "fundi fanya haraka" nipo nayo mpaka leo, na tangu siku hiyo simuuzii mtu kufuli ya geti la ndani kabla hajanieleza ufunguo utakaa wapi.

Basi waambie wapangaji wako wote kumi na mbili. Mwenye geti la ndani na atie kitasa cha kishikio, akiziba kwa bamba la chuma pande zote ili mkono wa nje usikifikie. Asiyeweza na apige msumari ukutani karibu na geti, mahali mtoto wa miaka saba anafika na mtu wa nje hafiki, ufunguo ukae hapo usiku wote na usiondolewe kwa sababu yoyote. Siku moja zimeni taa, kila mtu wa nyumba, hata bibi, autafute kwa kupapasa na afungue. Mkishindwa, hamishieni msumari mahali pengine.

*Fundi, ufunguo wangu huingia kwa shida, hasa miezi ya mvua. Nimetia mafuta ya nazi mara nyingi lakini sasa ndiyo umezidi. Naandika kutoka Kuze.*

Mwanangu, mafuta ya nazi acha kwa nywele na kwa wali. Ndani ya silinda yanashika vumbi na chumvi, yanaganda, na springi hazirudi. Peleka kitasa kisafishwe, kisha tumia unga wa risasi ya penseli: chora kwa penseli laini juu ya meno ya ufunguo pande zote, uingize na kuutoa mara kumi. Na kama shida ni ya mvua tu, kitasa huenda hakina kosa. Mlango wa mbao unavimba wakati wa masika na ulimi haukutani tena na tundu lake kwenye mwimo. Jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, mwite seremala, usimwite fundi wa vitasa.

*Assalaam alaikum. Nyumba yetu ya Kibokoni ina mlango wa nakshi wa mbawa mbili, wa mababu. Funguo za kufuli ya mnyororo hatujui ziko kwa nani. Jamaa wengi wamepita. Ndugu yangu amerudi kutoka Maskati, ataka kutoboa mfaa tuweke kitasa cha kisasa. Mama analia. Tafadhali tushauri.*

Wa alaikum salaam, na msalimie sana mama. Mwambie fundi yuko upande wake.

Mfaa ni ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbawa mbili, na nakshi yake imechongwa kwenye kipande kimoja. Kitasa cha kisasa chahitaji tundu la kekee la upana wa vidole viwili, na mbao kavu ya umri huo ikipasuka hufuata nyuzi zake kutoka juu hadi chini. Nimeletewa mfaa uliopasuka namna hiyo, na mchongaji mzuri aliweza kuuunga, lakini mkono wa aliyeuchora kwanza haukurudi. Isitoshe, Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi, na kubadilisha uso wa nyumba kuna ofisi ya kuulizwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndugu yako na aende kwanza hapo, watamshauri kwa upole.

Wasiwasi wake lakini ni wa haki, kwa sababu funguo hamzijui ziko kwa nani. Mlango wenyewe umeshawapa jibu. Mnyororo upo, tumbuu ipo, na kinachohitaji kubadilika ni kufuli peke yake. Tafuteni kufuli ya shaba ambayo silinda yake yatoka kwa skrubu iliyofichwa chini ya shingo, inayoonekana tu kufuli ikiwa wazi. Hiyo hupangwa pini upya kama kitasa cha yule dada wa Ganjoni, hata kila mwaka mkitaka, na uso wa mlango usiguswe. Kwa ndani, usiku, rudisheni kia, ule mti wa kukingamisha mlango. Kama mti wake umeliwa na mchwa, seremala yeyote wa Kibokoni atawachongea mwingine, mradi vishikizo vya ukutani bado vimekaza. Nao hauna ufunguo wa kupotea, hata mtoto anaunyanyua akitaka kutoka.

Mkija mezani kwangu msilete mlango. Nileteeni picha ya mfaa mzima, picha ya tumbuu kwa karibu, na upana wa tundu lake kwa milimita. Mpime mahali palipolika zaidi, kwa maana shingo ya kufuli itapita hapo.